Bahati ya Vipande Vitatu

Mwaka ule kazi yangu ilikuwa kuhesabu mihogo. Hiyo ndiyo kazi niliyopata Uvira na diploma yangu ya takwimu: kwenda Sange kwa mradi wa mbegu, kuinama shambani, kuandika vipande vingapi vimechipuka. Tulikuwa tumepanda vipande thelathini vya mbegu mpya na thelathini vya mbegu ya wenyeji. Vipya vikachipuka ishirini na vinne; vya wenyeji ishirini na kimoja.

Tofauti ya vipande vitatu. Mbuzi mmoja angeimaliza asubuhi moja. Lakini shefu wa mradi, ambaye alishuka kwenye jipu mara chache, na kila mara akivionea viatu vyake huruma, aliigeuza kuwa asilimia themanini dhidi ya sabini, akachora nguzo mbili za rangi, akaandika kwamba mbegu mpya imeshinda wazi. Nilimwambia nimepiga hesabu, na bahati peke yake inaweza kuleta tofauti ya namna hiyo.

"Weye unalipwa kuhesabu," alinijibu, "hapana kufikiri."

Nikarudi kuhesabu mihogo. Sijivunii.

Siku ya mkutano wa kutangaza matokeo, ukumbi wa kanisa ulijaa wakulima. Shefu akawaambia wang'oe mbegu yao ya zamani. Mama mmoja mjane, mkulima wa Mutarule, akasimama.

"Shefu, minye niligawa mbegu yangu mu mashamba mbili. Iko mbegu ile ile. Kumoja ilichipuka mingi kupita kwingine. Sasa nani alishinda?"

Shefu akacheka, akasema sayansi ni ngumu kwa mtu asiyesoma. Cheko lile ndilo lililoninyanyua kitini. Niliomba beseni na maharagi kwa wapishi wa mkutano: meupe arobaini na matano kwa vipande vyote vilivyochipuka, vipya na vya wenyeji, mekundu kumi na matano kwa ambavyo havikuchipuka. Nikamwomba mama ayachanganye, afumbe macho, atoe thelathini yawe upande mmoja; yaliyobaki yakawa upande wa pili.

"Hapa hakuna mbegu mpya wala ya zamani," nikawaeleza. "Tuone bahati peke yake inatofautisha pande hizi kwa kiasi gani."

Tulirudia mara kumi. Mara sita pande zilipitana kwa maharagi meupe matatu au zaidi.

Mama akaitazama picha ya nguzo ukutani. "Kumbe ile iko maharagi tu."

Ukumbi ukacheka. Shefu alikuwa amezama kwenye simu yake.

Ripoti ilikwenda vilevile, kwa karatasi nzito, nguzo zake mbili ziking'aa. Mkataba wangu haukuongezwa. Msimu uliofuata nilikwenda Mutarule kwa pikipiki, nikamkuta yule mama amepanda mbegu zote mbili, mistari mirefu ikipishana, vipande mia kadhaa vya kila aina. Aliniuliza vingapi vinatosha kabla mtu hajaamini. Swali hilo shefu, na digrii zake zote, hakuwahi kuniuliza.