Bibi kwenye Mto wa Saruji

Ilianza Jumamosi ya tatu ya mwezi wa tano, saa tisa kasoro robo mchana, pale getini kwenye bustani ya michezo upande wa Lumemo, bibi aliposimama na kuniuliza kwa nini nimemshika mkono kwa nguvu kama nimekamata mwizi wa kuku. Nikamwachia. Sikumjibu, kwa sababu jibu lenyewe lilikuwa refu, na mimi maneno marefu huwa yananikwama.

Jibu lilikuwa hili. Bibi ana dada yake, mimi namwita bibi mkubwa, anayeishi ng'ambo ya mto. Daraja lipo siku hizi na magari yanapita, lakini daraja halifiki kwa bibi mkubwa. Ukishavuka unaacha barabara, unafuata tuta katikati ya mashamba ya mpunga, halafu unakutana na mkono wa mto ambao hauvukiki ila kwa mtumbwi. Zamani walitembeleana. Kisha mwaka mmoja, mimi nikiwa bado chekechea, mtumbwi ulipinduka bibi akiwa ndani. Hakufa mtu. Magunia ya mpunga yalizama, na bibi alikunywa maji, akang'ang'ania matete mpaka wavuvi walipokuja kumtoa. Tangu siku hiyo hajakanyaga mtumbwi. Bibi mkubwa ndiye aliyekuwa anakuja kwetu Lipangalala, mpaka miguu yake ikagoma.

Sasa wanaongea kwa simu kila Jumapili. Bibi huweka spika kwa sababu sikio moja halisikii vizuri, kwa hiyo kila Jumapili na mimi nasikia: "Utakuja lini, au unasubiri kuja kunizika?" Bibi anajibu, "Maji yakipungua, dada." Maji yakipungua, anasema mpunga ukishavunwa. Mpunga ukishavunwa, mvua hizo zinaanza.

Jumapili ya kabla ya siku hiyo bibi mkubwa hakuuliza. Alieleza habari za bata wake, akasema kikohozi hakijaisha, akaaga. Bibi alibaki ameishika simu, macho yameelekea uani, na uji ukaungua jikoni tukiwa wote wawili tunasikia harufu yake. Hapo ndipo nilipoogopa. Niliona kwamba bibi mkubwa ameacha kusubiri.

Shuleni wiki hiyo habari ilikuwa moja tu. Bustani imefungua sehemu mpya, inaitwa Mtoni. Zamani pale palikuwa na bembea, mtelezo wa bati unaochoma mapaja saa sita, na treni ndogo inayozunguka mwembe mmoja. Sasa, walisema wenzangu, kuna mto mzima umechimbwa, na mitumbwi, na maji hayafiki magotini. Nilipoyasikia hayo ya magotini, sikusikiliza tena somo lililofuata. Nikawaza, kama bibi akikaa mara moja tu kwenye mtumbwi usioweza kumzamisha mtu, labda mwili wake utaukubali na ule mwingine. Mama alikuwa Katindiuka kwenye mavuno, kwa hiyo hapakuwa na wa kunikataza. Bibi nilimwambia tunakwenda kutembea kidogo, kuangalia maua.

Niseme ukweli, tulipoingia nilisahau kilichonileta.

Waliotengeneza pale walikuwa wamelichukua bonde letu lote wakalipunguza. Mto wenyewe ni mfereji wa saruji, umepinda kama nyoka kuzunguka kisiwa, lakini kingo zimepandwa matete ya kweli, yamekwisha shika na yanapiga kelele upepo ukipita. Kuna sheshe wa saruji kwenye nyasi, wale swala wa bondeni kwetu, dume na majike wake, rangi yao ileile ya dhahabu iliyoiva, na dume amegeuza shingo kama kasikia mtu anakuja. Kuna kambi ya wavuvi yenye vibanda vya nyasi, na chanja ya kukaushia samaki iliyopangwa kambale wa mbao. Bibi alimgusa mmoja, akamgeuza, akasema, "Huyu hajaiva upande huu." Kuna dungu refu kama lile tunalokaa shambani kufukuza ndege, ila hili ukipanda kwa ngazi unashuka kwa mtelezo, na watoto walikuwa wamepanga foleni mpaka kwenye vibanda.

Na kuna kiboko. Amezama nusu, masikio nje, na kila baada ya muda anafungua mdomo na kurusha maji juu kwa pampu. Watu wazima walikuwa wanamngojea na simu zao juu. Mimi pia. Viboko wa kweli tunao, wakulima hawalali kwa sababu yao, na hapo tulikuwa tumesimama juani kumsubiri wa saruji atutemee mate. Alipotema nilicheka kwa sauti, mimi ambaye darasani mwalimu huniambia nirudie jibu mara mbili ndipo asikie.

Kwenye miti walikuwa wameficha spika zinazotoa sauti za vyura. Vyura wenyewe walikwisha hamia. Nilimwona mmoja amekaa juu ya mguu wa mamba wa saruji, anaitikia spika.

"Wamefanya kazi," bibi alisema. Kwa bibi hiyo ni sifa kubwa. Hata pilau ya harusi haipati zaidi ya hapo.

Halafu tukafika kwenye mitumbwi, na bibi akasimama.

Ilikuwa mitumbwi mitatu ya mti halisi, ya gogo moja, imefungwa kwenye kijigati. Mwendeshaji alikuwa baba mmoja mwenye buti za mvua, amesimama na pondo lake, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi. Mimi nilikuwa nimeandaa sentensi tangu Jumatano. Nilikuwa nimeifanyia mazoezi bafuni. Ilikuwa hivi: "Baba shikamoo, naomba umpakie bibi yangu taratibu, na usiyumbishe." Nilimsogelea. Akaniangalia, akasema, "Enhe, binti?" Nikasema shikamoo. Akasema marahaba. Nikarudi nyuma nikasimama pale nilipotoka.

Bibi alikuwa ameshika pindo la khanga yake na kulikunja, kulikunjua, kulikunja. Nikajua ameshaelewa kwamba hatukuja kuangalia maua. Nilitaka kumwambia twende nyumbani. Hata hilo halikutoka.

Mbele yetu kwenye foleni alikuwepo mama mmoja wa Kisukuma na binti yake mdogo wa kama miaka mitano. Nilimjua kwa lafudhi. Mwendeshaji alimwambia apande, yeye akaweka mguu mmoja juu ya ukingo wa mtumbwi, na viatu vyake, na mtumbwi ukaegemea kama unataka kulala. Akaurudisha mguu haraka. Watu wakacheka.

"Msinicheke," akasema. "Mimi mto nimevuka sana. Nimevuka na ng'ombe, nimeshika mkia."

"Basi mwambie huyo baba akuwekee mkia kwenye mtumbwi," bibi akasema.

Ilimtoka tu. Sidhani alipanga kusema. Foleni nzima ikaangua kicheko, na yule mama akageuka, akamwona bibi, akapiga goti kidogo. "Shikamoo mayu," akasema, yaani mama kwa lugha yao.

"Marahaba. Lakini mguu haukanyagi pembeni, mwanangu. Huo ni mtumbwi, siyo baiskeli."

"Nyie Wandamba, watu wa mto, mmezaliwa na pondo mkononi, tuoneeni huruma sisi wa ng'ombe."

"Huruma tunayo, ila mtumbwi hauna. Vua viatu. Kanyaga katikati, ukanyage kwenye mfupa wake, halafu teremka chini, ukae kama unamenya muhogo."

Yule mama alivua viatu. Akaangalia mtumbwi, akamwangalia bibi, akatabasamu, nikaona lina maana lile tabasamu. "Sasa mayu, mimi na wewe nani anayejua? Tangulia wewe, nikuone unavyomenya huo muhogo."

Watu wakasema, "Enhee."

Bibi aliniangalia. Mimi ndiye ningeweza kumwokoa. Ningeweza kusema bibi anaumwa mgongo, au tunachelewa, au chochote. Sikusema. Na safari hii maneno hayakunikwama, nilinyamaza kwa makusudi.

Bibi alivua kandambili zake akanipa nizishike. Alijifunga khanga upya, akaikaza. Akamwambia mwendeshaji, "Shikilia," akaweka mguu wa kulia katikati, akaufuata wa kushoto, akashuka chini mara moja, mgongo umenyooka, mikono mapajani. Mtumbwi haukutikisika. Nilikuwa sijawahi kumwona bibi yangu akifanya kitu bila kuguna kwanza.

Yule mama akafuata, akimwiga kila kitu hadi kukaza khanga. Mtoto akakaa katikati yao. Mimi nikaingia nyuma ya bibi, na nilipokaa tu, mkono wake ulirudi nyuma ukanikamata goti. Alinibana kwelikweli. Alama zilikaa mpaka usiku.

Mwendeshaji akatusukuma. Tulipita kambi ya wavuvi, tukaingia penye matete marefu ambapo bustani yote inapotea, husikii treni wala watu, unasikia pondo tu linaingia na kutoka majini. Hapo ndipo pazuri kuliko kote. Aliyewaza kuyapanda matete marefu kiasi hicho, ili kwa muda mfupi usimwone mtu yeyote, namshukuru. Jua lilikuwa linapita kwa vipande vipande, na kisogo cha bibi kilikuwa na jasho.

Tulipotoka kwenye matete kiboko alitema. Mtoto akapiga kelele akaruka, mtumbwi ukayumba. "Tulia," bibi akasema. "Tulia, tulia, tulia." Mtoto alikwisha tulia zamani, bibi akawa bado anasema.

Yule mama alikuwa ameanza kujiachia. Tulipompita mamba alinyoosha mkono amguse pua. Bibi akamchapa mkono huo, paa.

"Mkono ndani."

"Mayu, huyu ni wa saruji."

"Na mkono wako je, ni wa saruji?"

Mwendeshaji alicheka mpaka akaegemea pondo. Alituambia ndivyo ilivyo tangu wafungue. Anayetoka Dar anachezea maji kwa vidole safari nzima, anayetoka hapa bondeni anakunja mikono mapajani kama yuko kanisani, hata akiwa kijana mwenye miwani ya jua. Nilijitazama. Mikono yangu ilikuwa imekunjwa, na sikumbuki niliikunja saa ngapi.

Tuliposhuka, yule mama alimshukuru bibi, akamwambia siku akitaka kuvuka mto kwa mkia wa ng'ombe amtafute, atamfundisha bure. Bibi akasema amezeeka, ng'ombe atamchoka. Wakaagana wakiwa wameshikana mikono kwa muda mrefu, kama watu waliosafiri pamoja mbali.

Kwenye bajaji ya kurudi bibi alitazama nje. Tulipokaribia nyumbani alisema, bila kugeuka, "Ulinipeleka kwenye beseni lile kunipima."

"Ndiyo, bibi," nikasema.

Tulipofika nilibandika ugali, nikakaanga dagaa, na kwa mara ya kwanza mchana huo wote ulianza kuonekana wa kijinga. Nilijisikia nimemdanganya. Bibi siyo mtoto wa kupelekwa kwenye michezo ili ajifunze kitu. Nilitaka kumwomba radhi, ila nilisubiri ale kwanza. Alikula, akanawa, ndipo akaanza yeye.

"Maji ya pale hayavuti," akasema. "Ya mto yanavuta. Usije ukafikiri ni kitu kimoja."

"Sifikiri, bibi."

"Naogopa vilevile, mke mwenzangu. Usimwambie mtu kwamba nimepona." Huwa ananiita hivyo, mke mwenza, akiwa ananipenda, na marehemu babu naye alikuwa akiniita mke wake. "Lakini makalio yamekumbuka kukaa. Hilo siwezi kukuficha."

Nilicheka, naye akacheka kidogo. Halafu akasema, "Kesho utampigia dada yangu wewe. Mwambie nakwenda Jumamosi ijayo, atume mtu na mtumbwi."

Nikamwambia simu siziwezi. Anajua. Mtu akipiga mama hayupo, mimi huiacha iite mpaka ikate.

"Najua," bibi akasema. "Lakini nikipiga mimi, nitasema maji yakipungua."

Asubuhi, Jumapili, bibi akiwa anavaa nguo za kanisani, nilichukua simu nikaenda nayo nyuma ya jiko, kwenye mtandao mzuri. Nilipiga. Bibi mkubwa alipokea akikohoa, akaanza moja kwa moja kueleza habari za bata, akidhani ni dada yake. Nikasubiri amalize bata wote. Nikasema shikamoo, ni mimi. Akauliza kuna msiba gani. Nikasema hakuna msiba, bibi anakuja Jumamosi, anaomba mtu wa kumvusha.

Alikohoa tena. Kisha akauliza, "Amesema yeye, au umesema wewe?"

"Amesema yeye."

"Nitamtuma mwenye mtumbwi mpana," akasema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Aje asubuhi, kabla ya upepo. Na wewe unakuja?"

Sikuwa nimeulizwa hilo na mtu yeyote, na mto wenyewe sijawahi kuuvuka kwa mtumbwi hata mara moja. Nikasema ndiyo, kwa sauti ya kusikika, nikarudi ndani kumwambia bibi tutakuwa wawili.