Msiba Tuliouwahi

Siku ile redio ilipotangaza kwamba yule mwimbaji wetu amefariki, mwanangu, naikumbuka mpaka leo. Nilikuwa msichana, nimesimama foleni ya maji hapa Kitangari, na redio ilikuwa ya mwenye duka jirani na bomba. Saratani ya matiti, wakasema. Basi tulilia! Wengine walijishika vichwa, mimi nikakaa chini vumbini na kanga yangu mpya. Ungedhani ni dada yetu wa tumbo moja.

Katikati ya kilio akafika Mama Saidi na ndoo yake. Alikuwa amejitanda kanga hadi usoni, lakini jicho lililovimba halifichiki. Sote tulijua mumewe anampiga. Tukamsogezea nafasi, tukainamisha macho kwenye ndoo zetu, tukaendelea kumlilia mwimbaji.

Palikuwa na bibi mmoja pale, Bi. Asumini, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo ya bonde. Siku hiyo hakucheka.

“Nyie wanangu,” alisema, “marehemu hamjampa hata shikamoo maishani. Huyu mnachota naye maji kila siku. Leo tunaomboleza, sawa, lakini mikeka tunaitandika kwake.”

Tukaenda, ndoo vichwani. Tukatandika mikeka uani kwa Mama Saidi, tukasonga ugali wa muhogo, tukaimba nyimbo zote za marehemu, tena kwa sauti mbaya sana. Mama Saidi alianza kuimba kwa aibu, kisha akatushinda sote.

Jioni Baba Saidi akarudi kutoka kwenye mikorosho yake. Akasimama kama amekosea nyumba.

“Shikamoo bibi. Kuna nini? Nani amekufa?”

“Marahaba. Hajafa mtu bado, Baba Saidi. Tumewahi.”

Baba Saidi alitutazama, hakuna aliyeyakwepa macho yake, akakaa kizingitini. Ndipo Mama Saidi akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kwamba anakwenda kwao Chiwata na wanawe. Tukambebea mizigo hadi kwenye gari. Hakurudi tena kwa yule bwana. Siku hizi anauza vitenge Masasi, na ukimsikia anavyobishana na wateja utampenda.

Wiki ileile Bi. Asumini akatuburuta zahanati tukapimwe matiti. Tulisukumana mlangoni kwa haya, tukicheka, mpaka nesi akatoka kutuita kama watoto wa shule.

Sasa nakuona, mwanangu, unalia na simu mkononi kwa ajili ya huyo msanii wenu. Lia, sikukatazi. Ukimaliza, nenda ukapimwe. Kisha mpitie yule rafiki yako ambaye kila mara anasema ameanguka. Usisubiri akuite, wala usiende peke yako. Nenda na wenzako, kaeni naye, na ikibidi fikeni polisi. Na akitokea wa kukuinulia mkono wewe, njoo kwangu, hata hodi usipige.

Mungu akupe mwili wenye afya, nyumba yenye vicheko, na umri mrefu kuliko wangu. Haya, nawa uso tule.