Kovu la Mnyaa

Mimi ndiye mtu wa kwanza wa mtaa wetu wa Songo kurudi nyumbani na diploma. Nasema hivyo bila haya, kwa sababu hakuna aliyenipa. Niliondoka Uvira miguu mitupu, nikapanda boti ya mizigo mpaka kusini mwa ziwa, nikabeba magunia bandarini mchana na kusoma jioni, miaka saba. Nilirudi na viatu vya ngozi, saa ya mkononi, na karatasi yenye muhuri mwekundu iliyosema kwamba mimi ni msaidizi wa afya. Nauli ya boti tu ndiyo alinipa yaya, dada yangu mkubwa, kwa kuuza vitunga viwili vya ndagala, wale dagaa wa ziwa letu. Mengine yote nilijitafutia.

Nilirudi wakati bendera mpya haijapauka bado. Wazungu wa zahanati walikuwa wameondoka, wengine bila kufunga milango, na kazi zao zilikuwa zinatafuta watu. Ndani ya mwezi mmoja nilikuwa na koti jeupe. Watu waliniita Munganga, yaani daktari, hata wazee. Sikuwakataza.

Kisha ndui ikaingia bonde la Ruzizi.

Amri ilitoka kwenye biro ya wilaya. Soko la ufukweni likafungwa. Barabara ya kwenda bondeni ikawekewa barieri pale Kavimvira, gogo moja la mti juu ya mapipa mawili, na mtu yeyote asiyekuwa na alama mpya ya chanjo hapiti. Alama za zamani, za wakati wa Wabelgiji, hazikuhesabiwa. Tena haikutosha kuchanjwa. Ilibidi ungoje siku kumi na nne, kidonda kiive, kikauke, ndipo upigiwe muhuri kwenye kadi. Waliniweka mimi pale, na meza, na muhuri.

Aliyeandika amri ile hakuwahi kuanika ndagala. Samaki wale wadogo humwagwa juu ya mchanga asubuhi, hugeuzwa jua likiwa kichwani, na wakishakauka lazima waondoke. Mvua moja tu na wamekuwa mbolea. Kila mwanamke wa ufukweni alikuwa na kipande chake cha mchanga, alichorithi kwa mama yake au mama mkwe, na kila mmoja alikuwa na mteja wake bondeni wa kubadilishana naye kwa mpunga na mihogo. Soko likiwa limefungwa, bondeni ndiyo ilikuwa njia iliyobaki. Sasa mwambie mwanamke huyo akae siku kumi na nne, mkono umevimba hauwezi hata kushika kitunga kichwani.

Walikuja pale barieri kila asubuhi, wabeba mizigo, wapiga makasia, wanawake wa ndagala. Wengi hawakuwa na cha kufanya ila kunitukana.

"Munganga, minye niko na batoto sita. Ndui itanikuta njaa imeshaniua!"

"Babelgiji balitufunga na fimbo, hawa banatufunga na sindano!"

"Mulisema uhuru imefika. Iko wapi?"

"Iko hapa ku barieri," akajibu mpiga kasia mmoja, "inangojea kadi!"

Wakacheka wote, hata askari aliyekuwa nami. Mimi sikucheka. Niliona ni watu wasiosoma, wasiojua kwamba ninawaokoa. Na kweli nilikuwa ninawaokoa. Hilo silifuti hata leo.

Halafu wakaanza kupita. Walikuja wanawake watano, kumi, na vidonda vilivyoiva vizuri kwenye mkono wa kushoto, watu ambao mimi sikukumbuka kuwachanja. Ilinichukua siku mbili kujua. Kila ua wa Songo umezungushiwa mnyaa, ule mti wa uzio usio na majani, na maziwa yake yanaunguza. Tukiwa watoto tulichapwa tukiyagusa, yasije yakaingia machoni. Wanawake walikuwa wanachanja ngozi kidogo kwa wembe, wanadondosha tone moja, na siku ya tatu wana kidonda ambacho karani wa wilaya asingekitambua.

Mimi nilikitambua. Kovu la kweli lina ukingo, na katikati limebonyea kama alama ya kidole kwenye unga uliokandwa. La mnyaa ni bapa, linang'aa, na chini yake mara nyingi kuna mstari mwembamba pale maziwa yalipochuruzika kabla ya kukauka. Baada ya wiki moja nilikuwa nasoma mkono nikiwa hatua tatu kutoka kwake, sijainuka kwenye kiti. "Mnyaa, rudi. Mnyaa, rudi. Weye, pita." Niliona fahari. Mkaguzi aliyetoka mjini alinisifu mbele ya watu.

Na nilikuwa nimejisifu mwenyewe kabla yake. Jumapili moja, uwanjani mwa kanisa, watu walikuwa wanasema chanjo ni sumu, mbona wakubwa hawachanjwi. Nilipanda juu ya benchi na viatu vyangu vya ngozi nikawaambia: "Nilianza na nyumba yangu. Hakuna mkono uani kwetu usiokuwa na alama. Asiyeamini aje aangalie." Wengi walikuja kuchanjwa kesho yake kwa sababu ya maneno hayo.

Ilikuwa kweli, isipokuwa mkono mmoja. Siku niliyochanja nyumbani yaya alikuwa mchangani. Nilimfuata. Alikuwa ameinama anageuza, hata hakuniangalia.

"Kesho, mwana wa mama," akasema. "Leo mkono huu iko na kazi."

Kesho ikawa kesho kutwa. Hakuwahi kuchanjwa hata utotoni. Kila wazungu wa sindano walipokuja, mama alimficha kwenye matete. Nilijua hayo. Lakini nilikuwa na mikono ya mji mzima ya kushughulikia, na nilijiambia yaya hatoki, yuko nyumbani.

Asubuhi aliyokuja barieri ilikuwa na mawingu mazito juu ya milima ya Burundi. Alikuwa na vitunga viwili, kimoja kichwani, kingine mgongoni, na nyuma yake kulikuwa na watu labda arobaini. Aliyemtangulia kwenye foleni alikuwa jirani yake wa mchangani, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuvuka ziwa, ambaye nilikuwa nimetoka kumrudisha. Mnyaa. Alikuwa bado amesimama pembeni ananilaani.

Yaya akashusha kitunga. Akavuta kitenge begani, akaninyooshea mkono mbele ya watu wote, anatabasamu.

"Soma, Munganga wangu."

Nilisoma. Sikuhitaji hata hatua tatu. Lilikuwa bapa, linang'aa, na mstari wa maziwa ulikuwa umeshuka karibu mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameweka mengi kupita kiasi. Yaya alifanya kila kitu hivyo.

Nikamtazama usoni. Akasema polepole, kwa sauti ya kusikika na mimi peke yangu: "Mvua inakuja, mwana wa mama. Ndagala haingoji."

Nimejiuliza mara nyingi kama nilimhurumia. Ningependa kusema hivyo. Kama ingekuwa huruma ningemwambia, rudi nyumbani, yaya, ndagala waoze, nitakulisha kwa mshahara wangu. Nilikuwa na mshahara. Nilichokifikiria wakati ule ni lile benchi la kanisa. Nikisema "mnyaa", watu arobaini watajua kwamba nilisema uongo, na huyu mwenye sauti atawapelekea wengine habari. Nikachukua kadi mpya mezani, nikapiga muhuri. Niliupiga kwa nguvu, nakumbuka, mpaka meza ikatikisika.

"Aa!" jirani akapiga kelele. "Ya kwake dawa, ya kwetu mnyaa!"

"Nyamaza, mama," nikasema. "Kazi hii nimeisomea."

Yaya akapandisha vitunga vyake. Askari akainua gogo. Yaya akaenda kwa ule mwendo wa haraka wa watu wenye mzigo, bila kugeuka.

Siku ya tatu kijiji cha Kiringye, alikokuwa mteja wake, kikafungwa. Wagonjwa walikuwa wameonekana humo, na amri ilikuwa kijiji chenye wagonjwa hakitoki mtu. Kwa hiyo alifungiwa ndani, nyumbani kwa mama mmoja mkulima wa mpunga, pamoja na ndui yenyewe. Wenye alama ya kweli walikaa humo salama. Ni kwa ajili ya hilo nilipewa meza.

Karibu wiki tatu baadaye askari wa zamu kutoka bondeni alinijia. "Munganga, dada yako iko na homa. Uso umeanza kutoka vipele."

Mimi nilikuwa na alama ya kweli, na kibali cha kwenda popote. Kiringye ni asubuhi moja kwa baiskeli, na baiskeli nilikuwa nayo, mpya. Sikwenda. Nilijua kwenye kibanda cha wagonjwa kuna muuguzi, atauliza kadi, ataona muhuri, atatazama mkono. Nilisema nitakwenda kesho, mkaguzi yupo. Kesho nikasema barieri haina mtu. Siku ya tatu nilijaza upepo magurudumu. Siku ya tano askari yule yule alirudi, akavua kofia kabla hajanifikia.

Walimzika huko huko. Amri haikuruhusu maiti kupita. Uani kwetu tulilia bila mwili, na watu wa kulia nasi walikuwa wachache, kwa kuwa mikusanyiko ilikatazwa pia.

Nilidhani huo ndio mwisho wake. Lakini maneno yalipita barieri bila kadi: dada ya Munganga alichanjwa, alikuwa na muhuri, na ndui ikamuua. Kwenye meza ya chanjo watu wakaanza kupungua. Siku moja nilikaa mpaka jua la saa nane na sindano tatu tu zimetumika. Waliokuja walikuja kunicheka, au, vibaya zaidi, kunipa pole.

"Dawa yako haina kitu," mpiga kasia yule aliniambia. Safari hii hakuwa na utani. "Kama haikumulinda wa tumbo moja na weye, itanilinda minye?"

Neno moja lingetosha, na nilikuwa na diploma ya kulisema. Nililishika kinywani siku nzima, na siku iliyofuata.

Aliyenitoa neno hilo kinywani ni jirani wa mchangani. Alipita mbele ya meza bila kusimama, nikamwita, nikamwomba achanjwe. Akasema hataki, alishaona kazi ya sindano yangu. Ndipo nikasema, na nilisema chini, nikitazama muhuri: "Mama, yaya hakuchanjwa. Ilikuwa mnyaa."

Akasimama. Nilingoja ile sauti yake.

"Tunajua," akasema, kwa sauti ndogo. "Ni minye nilimukatia mti. Kwa uzio yangu." Akafuta uso kwa kona ya kitenge. "Tulikuwa tunangojea weye useme. Alituma askari kutoka bondeni, akatukataza kukusemea."

"Alisema nini?"

"Alisema: muachieni mudogo wangu, alitoka mbali."

Kisha akakaa kwenye kiti akanyoosha mkono wa kushoto. Nikamchanja vibaya, ikabidi nirudie. Baadaye alisimama pale barabarani akawaambia wengine kwa sauti yake yote kwamba alama ya yaya ilikuwa mnyaa, na wakaanza kurudi mmoja mmoja. Yeye ndiye aliyesema. Mimi nilisema kwa mtu mmoja tu.

Ndui ilipungua. Kabla barabara haijafunguliwa vizuri, vijana wa uasi walishuka kutoka milimani. Nao walikuwa na chanjo yao, chale za kifuani zilizosemwa kwamba zinageuza risasi kuwa maji. Walikalia barieri ile ile ya Kavimvira na kutazama vifua badala ya mikono. Muhuri wangu ulipotea, koti langu akalivaa mmoja wao. Nilivuka kwenda Burundi na diploma nimeizungushia mwilini chini ya shati. Sikupata njia ya kwenda bondeni mpaka miaka miwili baadaye.

Yule mama wa mpunga alikuwa hai. Alinipa maji, akanitazama viatu, akajua mimi ni nani.

"Alikuwa anasema utakuja na viatu," akasema.

Akaniambia kwamba yaya alipougua alifunga kitambaa kwenye mkono wa kushoto na hakukubali mtu akifungue, hata muuguzi. Kadi aliilalia. Alipokufa wakamzika na kitambaa chake. Kadi waliichoma pamoja na nguo na mkeka, kama amri ilivyotaka.

Nikamwomba anionyeshe kaburi. Akanipeleka nyuma ya kijiji, palipokuwa na kibanda cha wagonjwa. Kibanda hakikuwepo. Lilikuwa shamba la mihogo, majani yamenifika kifuani, mabichi sana.

"Hapa," akasema, "ama pale kidogo. Tuliwazika wengi, na mvua ilikuwa haikatiki."

Niliingia katikati ya mistari. Nilitaka kusimama mahali nijue nimesimama juu ya nini. Nilikwenda mpaka mwisho wa shamba nikarudi, nikageuka tena, ardhi yote ilikuwa sawa, imelimwa vizuri. Upande wa pili mwanamume aliyekuwa anapalilia akanyanyua mgongo, akanitazama bila ubaya.

"Baba," akasema, "polepole. Unakanyaga mihogo."

Nikatoka.