Sarafu ya Kasa Inayotakiwa Kuyeyushwa

Admin, jina langu libaki kwako, maana hapa sokoni Mwanjelwa wakijua nimelia watanitania hadi Idd. Ni mwanamume wa miaka hamsini na mbili, nauza vitenge. Kitambi ninacho, mke sina. Alifariki mwaka jana.

Zamani binamu yangu, mpishi wa melini, aliniuzia sarafu ya dhahabu ya Niue, kisiwa kidogo huko Pasifiki. Ni ndogo kama kifungo cha shati, upande mmoja malkia, upande wa pili kasa. Wanazitengeneza kwa ajili ya watu wa kukusanya, si za kununulia nyanya. Nikampelekea mke wangu kwa mbwembwe. Sasa yeye kakulia Chunya, kwenye machimbo ya dhahabu, na mimi kutapeliwa ndiyo sifa yangu. Akasema, "Baba Zuhura, wamekupiga tena." Akaitia mdomoni, akaiuma. Jino likazama kwenye mgongo wa kasa. Dhahabu tupu! Akacheka mpaka akakaa chini.

Binti yetu Zuhura anaolewa Iringa baada ya mfungo. Kwetu bibi harusi huvaa dhahabu ya mama yake, ikiyeyushwa na kutengenezwa upya ili iwe yake. Bangili za marehemu tuliziuza wakati wa matibabu, imebaki sarafu. Zuhura alimpelekea sonara wa huko picha ya sarafu. Sonara akajibu kwamba wakusanyaji hawataitaka, ina kovu la jino, bora itoke hereni.

Hilo kovu ndilo ninalolitaka mimi. Nguo zake tuligawa, sauti yake sikuwahi kuirekodi. Usiku napapasa pale kwa kidole, mtu mzima na ndevu zangu.

Kila Zuhura akiniuliza natoa visingizio vya kitoto, mara sonara simwamini, mara sikumbuki nilipoiweka. Juzi akaniambia taratibu, "Baba, kama hutaki nivae kitu cha mama, sema tu." Akakata simu. Mambo ya harusi sasa nayasikia kwa shangazi yake.

Nikimweleza ukweli, namjua, ataniachia sarafu palepale, aingie ukweni masikio matupu huku akinihurumia. Nikinyamaza na kuitoa, atavaa hereni nzuri, na hatajua kamwe kwamba kovu lile lilikuwa jino la mama yake, siku aliyocheka mpaka akakaa chini.

Ndugu zangu, hasa mliofiwa na wenzi mkabaki na mabinti, nimwambie au niitoe kimya kimya? Sonara anaisubiri wiki hii.