Mbolea Yenye Ganda

Ferista alikuwa amelima mahindi Hasamba miaka ishirini na saba siku Wilbard, mtaalamu wa kampuni moja ya mbolea, alipokuja kumfundisha kulima. Ilikuwa Novemba 2013. Kijana alishika punje za urea zilizovikwa ganda jembamba la wanga.

"Mama, unaweka mara moja tu, unapopanda. Ganda linaoza taratibu udongoni, mmea unakula kidogo kidogo. Habari ya kurudi kuweka mbolea ya kukuzia sahau."

Ferista aliviangalia viatu vya kijana, visivyo na hata tone la tope, akakubali. Mbolea ilikuwa ya bure, na mvua za huku huisomba urea ya kawaida hadi bondeni.

Mahindi yalipofika magotini yakaanza kugeuka manjano. Ferista akafukua. Punje zilikuwa palepale, nzima, kama alivyozizika. Akampigia Wilbard simu.

"Ganda bado linafanya kazi, mama. Subiri."

"Mimi naweza kusubiri, mahindi hayawezi. Udongo wa huku ni wa baridi. Mliijaribu wapi hii?"

"Maabara."

"Huko kunanyesha?"

Simu ikakatika, au ilikatwa.

Ferista akatoa urea ya kawaida stoo, akakuzia shamba zima isipokuwa mistari minne ya nyuma. Baada ya wiki mbili shamba lilikuwa kijani tupu.

Machi, Wilbard akaja na wageni kumi na koti jipya. Akawasimamisha mbele ya mahindi, akaeleza ganda lilivyofanya maajabu. Wageni wakapiga picha. Ferista alimwacha amalize. Kisha akawapeleka kwenye mistari minne iliyodumaa, akafukua, akamwekea mgeni mkubwa punje sita kiganjani.

"Mbolea yake ndiyo hii. Mahindi mliyoyapiga picha yamekula yangu."

"Mama hakufuata maelekezo," Wilbard akasema.

"Sikufuata. Ndiyo maana nina mahindi."

Mgeni alizifunga punje kwenye karatasi, akaingia garini. Hawakurudi tena.

Desemba iliyofuata, mvua za kwanza ziliponyesha, ganda likaoza hatimaye. Kwenye mistari ile minne magugu yakaota manene, meusi kwa afya. Ferista akayang'oa, akawapa ng'ombe.

Mradi wa mbolea ile ulihamia Ndalambo, kwenye joto. Alisikia kwamba huko ganda liliyeyuka kabla mbegu hazijaota, na Wilbard akawaambia wakulima kuwa walichelewa kupanda.