Sauti ya Waya Ulipochomolewa

Juzi jioni vijana wa kwaya yetu hapa Bariadi walikuwa wanafungasha vyombo baada ya mazoezi, mimi nafagia karibu na mlango. Mwaka huu wamepata spika kubwa, zile za kufika kiunoni. Binti mmoja akachomoa waya wa gitaa kabla spika haijazimwa. Ikapiga: PWAA!

Jamani, nilijikuta niko chini nimekumbatia ufagio. Vijana wakacheka mpaka wakashika mbavu.

"Mama Neema, pole! Ni waya tu huo."

Nilikaa kwenye benchi. Sauti ile nilikuwa nimeisikia mara moja tu maishani, nikiwa mtoto, na tangu siku ile niliibeba moyoni nikijua ni kitu kingine kabisa.

Nyumbani kwetu tulikuwa tunalima pamba na mahindi, nje kidogo ya mji. Baba alikuwa mwalimu wa kwaya. Alipiga gitaa vizuri sana, na akilipiga alikuwa anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi. Mwaka ule ng'ombe wetu mmoja wa jembe alikufa kwa ndigana. Mwenzake akabaki anasimama bomani peke yake, anaangalia njia. Ng'ombe mmoja halimi. Kila jioni Baba alienda kusimama naye pale, na mimi nikijua tu kwamba nyumbani mambo hayako sawa.

Pamba ilipokwisha kuuzwa, ikatangazwa kwamba zinakuja bendi tatu za magitaa ya umeme, na bendi itakayoshinda itachukua dume la ng'ombe. Hazikuwa bendi za rumba ya kujongea polepole. Zilikuwa za magitaa ya kunguruma, ambayo Neema wangu leo anayaita roki. Bendi moja ilitoka Mwanza, na mpiga gitaa wao akaangushwa na malaria huku huku kwetu. Wakaulizia ni nani mjini anaweza gitaa, wakaonyeshwa kwetu.

Kiongozi wao alikuja amevaa miwani myeusi, akakalia kigoda chetu magoti yakafika masikioni. Akamwambia Baba, "Mzee, tukishinda, lile dume litakuwa lako. Sisi tutalipandisha wapi, juu ya magitaa?"

Baba akamgeukia Mayu, ndivyo tunavyomwita mama. Mama yangu hakuwa mtu wa kugombana, alikuwa mtu wa kufunga. Akasema tu, "Mimi siwezi kukukataza, baba Minza. Nitafunga na kuomba." Akafunga kweli.

Mimi hofu yangu ililetwa na shangazi Kabula, dada yake Baba. Tulikuwa tunaanika michembe ya viazi vitamu juu ya jiwe, akainama akaninong'oneza, "Minza, unajua wale wa bendi ya Shinyanga wamechukua dawa? Samba, dawa yenyewe ya kuvuta watu. Ukishindana na mwenye dawa, inakupiga. Inapasuka pwaa! hivi, na mikono inakauka papo hapo. Nimeona kwa macho yangu kwenye ngoma."

"Na Baba?"

"Baba yako ana nini cha kujikinga, kitabu cha nyimbo?" Akacheka, akaendelea kugeuza michembe.

Yeye alicheka, mimi sikulala. Baba akishika kijiko naangalia vidole vyake. Akijikuna naangalia. Nilitaka kumwambia asiende, lakini nilikuwa nimelelewa kwamba nyumba yetu haiogopi dawa, kwa hiyo nikaona hata kuogopa kwenyewe ni dhambi. Nikawa naogopa kimya kimya.

Sasa niwaeleze kitu ambacho mgeni hawezi kukijua. Kwetu Usukumani, kwenye mashindano ya ngoma, huyu hamsubiri yule amalize. Vyama vyetu viwili vya ngoma, Wagika wanacheza huku na Wagalu kule, uwanja mmoja, muda mmoja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Watazamaji wakisikia utamu umehamia upande wa pili, wanakimbilia huko. Na anayenyamaza ameshindwa. Basi wazee wa kamati waliposikia bendi tatu, wakapanga hivyo hivyo. Waliweka malori matatu kwenye pembe tatu za uwanja karibu na kiwanda cha pamba, wakayashusha bodi yawe majukwaa, kila moja na jenereta yake, na bendi zote zipige kwa pamoja. Hakuna aliyeona kosa. Yule wa miwani alipouliza nani anaanza, mzee mmoja akamshangaa, "Anaanzaje mmoja? Mtashindana na nani?"

Siku yenyewe tulifika jua likiwa bado lipo. Nakumbuka harufu ya dizeli, vumbi na karanga za kukaanga. Zile bendi zilipoanza, sikusikia wimbo, nilisikia kishindo. Kilikuwa kinaingia kwenye nyayo za miguu kikipanda mpaka kwenye meno. Lile dume jeusi lenye baka jeupe lilikuwa limefungwa kwenye nguzo, linavuta kamba, macho yamelitoka. Nikaona hata ng'ombe anajua.

Na watu wanakimbia! Kundi zima linatoka lori la Shinyanga linakwenda lori la tatu, linarudi, vumbi linapanda kama mvua inayonyesha kwenda juu. Kina mama wanavuta watoto, mtu kandambili imekatika anapiga kelele na hakuna anayesikia. Sisi na Mayu tulisimama ukingoni, karibu na ukuta wa kiwanda. Alikuwa amenishika mkono.

Giza lilipoanza kuingia, taa zikawashwa, na watu wote wakahamia kwa Shinyanga. Wote. Mbele ya lori la Baba pakabaki uwanja mtupu, na maganda ya miwa. Yule wa miwani anarukaruka anaimba, na Baba nyuma yake amefumba macho anapigia hewa. Nikasema moyoni, ndiyo hii sasa. Dawa imeanza, imeondoa watu, bado mikono.

Mayu akainama. "Twende mbele."

"Mayu, naogopa."

"Hata mimi. Twende. Baba yako anapiga peke yake."

Mama yangu, ambaye hata harusini alikuwa anapiga makofi ameketi, alivuka ule uwanja wote kwenye mwanga wa taa, na kitenge chake cha Jumapili, akaenda kusimama katikati, mbele ya lori. Hakucheza. Alisimama tu ameinua uso. Mimi nikajificha nyuma ya kitenge nikiamini amekuja kuikinga dawa impige yeye.

Baba akafumbua macho akatuona.

Sijui niwaambieje alivyopiga kuanzia hapo. Lile gitaa lililia kama mtu anayeitwa kwa jina lake. Nikasahau hofu kidogo. Ndipo ardhi ikaanza kutetemeka.

Nikageuka. Umati wote ulikuwa unarudi. Wamesikia utamu, wanaukimbilia, mbio kabisa, vijana mbele na vumbi nyuma yao, na wale wa nyuma wanawasukuma wa mbele. Mwanga wa taa ulikuwa machoni mwao. Hakuna aliyekuwa anatuona. Mayu akanivuta tumbo lake likaniziba uso, akaniinamia, nikasikia anataja jina la Yesu, mara moja, tena, tena. Nilikuwa nasikia miguu tu.

PWAA!

Gitaa likakatika. Nikachungulia nikamwona Baba juu ya lori, mikono ameinyoosha mbele, haisogei. Wale watu wakapunguza mbio, wakasimama, wakabaki wanaangaliana kwenye vumbi, karibu kiasi kwamba nilisikia wanavyohema. Upande wa pili Shinyanga wanaendelea kupiga. Wakageuka, wakarudi huko.

Dume likaenda kwa Shinyanga. Shangazi Kabula akawa wa kwanza kusema, "Si niliwaambia? Imempata!" Kufika kesho yake mji mzima unajua. Wakamwita Baba Ganzi. Kanisani wazee wakamwita, wakamwuliza imani yake imepata ufa wapi hata dawa ikapita, wakamwambia apumzike kwanza kushika gitaa. Akapumzika. Mwaka ule tulilima kwa jembe la mkono, na mimi nikakua nikijua kwamba baba yangu alipigwa na dawa mbele ya macho yangu.

Basi juzi, nilipoinuka pale kwenye benchi, nilienda moja kwa moja kwa Mayu. Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila. Mbona umetoka mbio?"

"Mayu, siku ile ya malori. Baba alichomoa waya?"

Alichagua vijiwe viwili vitatu kwanza. "Kumbe wewe ulifikiri nini?"

"Nilifikiri dawa. Watu wote wanasema dawa!"

"Nilitaka kusimama kanisani niseme aliuchomoa ili tusikanyagwe. Alinikataza. Aliniambia, ukisema, watasema mke wake alijipeleka katikati ya uwanja akamnyima dume. Utachekwa wewe kila ukienda kisimani. Waache waseme dawa, dawa haiendi kisimani." Akapepeta. "Nikamtii. Ilinichoma sana kumtii."

Baba alikuwa nje ameketi kivulini mwa ghala. Kijana mmoja akapita na baiskeli, akamwamkia, "Shikamoo, Baba Ganzi!" Naye, kama afanyavyo siku zote, akainua mikono yote miwili akaikakamaza hewani, kijana akacheka, na yeye akacheka. Miaka yote nilikuwa naona ni utani wa kizee.

Nilimpigia goti nikamwamkia, halafu nikaishika ile mikono. Ilikuwa mikavu ya jembe, na ya moto.

"Unatafuta nini humo?" akaniuliza.

"Hakuna, Baba."

Akaniachia niishike muda mrefu, mpaka Mayu akatuita kula.