Mwanamke Aliyerudi Tumati Kupunguza Miaka

Habari zilinikuta dukani Dongobesh nikichagua betri za tochi. Mwenye duka, ambaye husoma safu hii kila wiki na kunigombeza kila wiki, aliweka simu yake juu ya kaunta akasema, "Yule mama wa miti amefariki. Mungu amrehemu. Najua mlikuwa mnafahamiana." Nilikaa juu ya gunia la chumvi bila hata kuomba ruhusa. Wasomaji wangu wa siku nyingi mnajua sipendi kuandika tanzia, maana tuna tabia mbaya ya kuwamwagia sifa marehemu ambao walipokuwa hai tuliwanyima hata kikombe cha chai. Huyu lakini nitamwandika, tena nitamwandika kwa kujidai, kwa sababu alikuwa wetu. Alizaliwa Maretadu, akachunga ng'ombe wa baba yake, akasoma jiografia mpaka madarasa yakaisha, na wenzake walipokuwa wakigombania ofisi zenye viyoyozi, yeye akarudi huku kwenye baridi na matope kuuliza miti habari za mvua.

Nieleze kidogo, maana wengi walimwona akipita na hawakujua anafanya nini. Vipimo vya mvua vya hapa kwetu havirudi nyuma sana. Zaidi ya hapo tuna simulizi tu, na kila mzee atakuapia kwamba zamani mvua haikukosa hata mara moja. Yeye alisema miti ilikuwepo na iliona. Mwaka wa mvua nzuri mti hunenepa, mwaka wa ukame hujibana, na kila mwaka huacha pete yake ndani ya shina. Alipanda Mlima Hanang akatoboa mitarakwa iliyo hai, ile miti ya mbao nyekundu zinazonukia, kwa kekee nyembamba inayotoa kijiti kama penseli na kuuacha mti ukiendelea na maisha yake. Kwa miaka ya nyuma zaidi alihitaji miti iliyokatwa zamani, na miti hiyo ilikuwa imesimama ndani ya nyumba za watu. Ni nguzo za tembe, zile nyumba za mababu zenye paa la udongo. Sasa kila mtu anataka bati, tembe zinabomolewa, na nguzo zinaishia chini ya sufuria za makande. Alikuwa anashindana na moto wa jikoni, na aliyempa kazi alishamwambia wazi kwamba nguzo za zamani zisipopatikana za kutosha kuungana na miti ya mlimani, kazi inafungwa.

Nyumba ya kwanza kumfungulia mlango ilikuwa ya mzee mmoja wa Tumati. Mzee alikuwa na lake. Ukoo wake na ukoo wa jirani wa bondeni walikuwa wakibishana miaka yote nani alitangulia kufika kwenye mteremko ule, na ubishi huo uliingia hadi kwenye mambo ya posa na vikao vya kijiji. Mama wa miti akakata kipande cha nguzo, akakisugua kwa msasa mpaka kikang'aa, akahesabu pete na kuzilinganisha na za miti ya mlimani, ajue mti ulikatwa mwaka gani. Akafanya hivyohivyo bondeni, na nyumba ya mzee ikatoka kongwe kuliko ya jirani kwa miaka mingi. Weee! Mzee alitembea na habari hiyo Tumati nzima, akaivusha mpaka Tlawi. Kijiji chote kikataka kupimwa. Nguzo zikaanza kuja zenyewe, nyingine juu ya punda.

Kisha akagundua kosa. Alikuwa kwao Maretadu, akatoboa mtarakwa ambao baba yake mzazi na wenzake wa darasa moja waliupanda kwenye uwanja wa kanisa, mti ambao umri wake unajulikana na kila mtu. Alipohesabu, pete zilizidi umri wa mti. Akahesabu tena, zikazidi tena. Aliniambia alikaa chini palepale kwenye nyasi, mtu mzima na digrii zake, akicheka huku machozi yanamtoka. Ninyi wakulima mnajua hali yetu. Mvua za mwanzo zinanyesha, katikati jua linawaka wiki kadhaa, halafu masika yanaanza upya. Mti nao, jua lile likizidi, husimama kukua, na mvua ikirudi huanza tena. Ndani ya mwaka mmoja unachora mistari miwili, na yeye mistari mingine ya namna hiyo alikuwa ameihesabu kama miaka. Aliporudia vipande vyote kwa hadubini, akaitenga ile ya uongo, ambayo ilijaa zaidi kwenye nguzo ya mzee, nyumba ya mzee ikawa changa kuliko ya jirani.

Mwenzake mmoja kazini alimshauri arekebishe kimyakimya kwenye kompyuta. Nani Tumati atajua? Akamjibu, "Nikiwaambia, nguzo zimekwisha na kazi imekwisha. Nisipowaambia, kazi haipo toka sasa." Akapanda bodaboda akaenda. Nilimfuata, maana mimi sikosi penye ugomvi.

"Shikamoo, babu," akasema mlangoni.

"Marahaba, mwanangu. Umeleta nini safari hii?"

"Nimekuja kuomba radhi. Ile hesabu ya nguzo yako nilikosea. Nyumba ni changa kuliko nilivyosema."

Mzee hakupaza sauti. Aliuliza, "Na ya bondeni?"

"Ya bondeni imetangulia, babu."

Mzee akamwambia aondoke, na asimwone tena kwenye ua wake. Jirani wa bondeni alipopata habari alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko chake ndicho kilichomaliza kila kitu, kwa sababu ukoo mzima wa mzee ulifunga milango, na milango hiyo ilikuwa mingi. Msimu mzima wa mvua mama wa miti hakupata hata kipande. Nilimkuta Mbulu mjini akifunga vifaa kwenye maboksi ili avirudishe vilikotoka. Nilimwonea huruma sana, na jamani, siku ile nilijivunia pia kwamba namfahamu.

Alikuwa hajamaliza kufunga pale mke wa mzee alipompigia simu. Jiko la zamani linabomolewa kesho, aje kabla nguzo hazijawa kuni. Tulipofika mzee alikuwa amekaa nje kwenye kigoda, uso umekunjamana. "Kata," akasema. "Utahesabu mbele yangu. Huo mstari wa uongo nitauona kwa macho yangu." Mama wa miti akakata, akasugua, akampa lenzi. Akamwonyesha mstari wa mwaka wa kweli, unaokatika ghafla kama makali ya kisu, na ule wa uongo, unaofifia taratibu pande zote mbili. Mzee aliinama juu ya kile kipande mpaka chai yake ikapoa, mkewe akichungulia begani na kubisha kila pete. Mwisho akanyoosha mgongo. "Mimi ni mzee," akasema. "Wamepita hapa wa mbegu, wa mbolea, wa dawa za ng'ombe. Wamekosea, tumepata hasara, hakuna aliyerudi. Wewe umerudi kunivunjia heshima yangu mwenyewe. Chukua nguzo zote."

Milango ikafunguka. Nguzo za Tumati zikakutana na miti ya Hanang, pete kwa pete, nyembamba kwa nyembamba, na watu wa maabara ya mbali waliohesabu bila kuambiwa chochote wakafika palepale. Leo tunajua kwamba babu zetu nao waliwahi kukosa mvua miaka mfululizo, na kwamba inaweza kutukuta tena hata pasipo mtu wa kumlaumu. Mkulima wa Maretadu anayeweka akiba ya mahindi ghalani ana sababu nzuri kuliko woga wake. Kazi hiyo imefanywa hapa, kwa miti yetu, na mikono ya binti aliyekulia hapa. Niacheni nijidai.

Tulimzika Maretadu, kanisa limejaa mpaka nje. Mpwa wake alikuwa ameandika wasifu, na padri aliusoma vizuri, mpaka alipofika kwenye habari ya nyumba maarufu ya Tumati, kongwe kuliko zote kwenye mteremko ule. Mpwa, masikini, alikuwa amechukua ile hesabu ya kwanza. Nikaona fimbo inainuka katikati ya watu, na mzee nyuma yake. Jirani wa bondeni alikuwa ameketi benchi hilohilo.

"Samahani, Padri," akasema. "Hapo umekosea. Nyumba yetu ni changa, ya bondeni ilitangulia. Mama huyu alikuja mwenyewe kutuambia. Usimzike na kosa alilokwisha kulirekebisha."

Padri akatoa kalamu, akafuta, akasoma upya. Basi, msomaji wangu, mtaalamu akija kijijini kwako mpe kiti, mpe chai, msikilize. Kisha subiri uone kama atarudi.